Nani kahesabiwa? Maongezi yangu kuhusu sukari, macho na namba zake

Haya niliyaongea Jumamosi asubuhi kwenye mkutano wa kikundi chetu cha wagonjwa wa sukari na ndugu zao, Korogwe. Waliokosa nafasi wameniomba niyaandike, basi nimeyaweka karibu vilevile nilivoongea, nimetoa tu pale nilipokuwa natafuta miwani yangu kumbe iko kichwani.

Shikamooni wazee wangu. Wadogo zangu mambo vipi. Nyie wa mlangoni ingieni jamani, viti vipo huku mbele, sijui kwanini viti vya mbele mnaviogopa kama vina siafu.

Kwanza nijitambulishe nisije nikaulizwa dozi. Mimi si daktari. Mimi ni yule dada wa dirishani, unampa kadi anaandika jina, umri, uzito, presha, sukari ya leo, alafu anakwambia kaa pale kwenye benchi utaitwa. Miaka yangu yote ya kazi nimekaa na daftari. Kwahiyo leo naongea habari za namba, na naanza na kosa langu mwenyewe.

Kituo nilichokuwa zamani, sikitaji, daftari la kliniki ya sukari lilikuwa na safu nyingi, na ile ya mwisho kabisa kulia imeandikwa MACHO. Tukafika mwisho wa mwaka, ikatakiwa ripoti, wagonjwa wangapi wa sukari wana tatizo la macho. Nikafungua daftari. Ile safu tupu. Nafungua ukurasa mwingine, tupu, mwingine kuna kistari, mwingine kuna mtu kaandika namba ya simu ya fundi bomba. Waliojazwa walikuwa wa kuhesabu kwa vidole. Mimi nikajumlisha hao hao, nikapata kinamba kidogo hivi, nikapeleka, na huko juu naambiwa walifurahi, wagonjwa wetu macho mazima. Kumbe hakuna aliyewaangalia. Pale palipo tupu mimi nimehesabu sifuri. Na tupu na sifuri ni vitu viwili tofauti kabisa, mtu ambaye hajapimwa sio mtu mzima, ni mtu ambaye hatumjui.

Tangu siku hiyo nikisikia asilimia, redioni, kwenye semina, popote, swali langu ni moja tu: nani kahesabiwa?

Haya, tuanze na picha maana wengine hapa hamjawahi kuona jicho lenu kwa ndani. Unawekewa dawa ya matone ya kutanua mboni, unakaa kama dakika ishirini, unaweka kidevu kwenye kibao cha mashine, nesi anakwambia angalia kile kitaa usipepese, mwanga unapiga pwaa. Kwenye skrini inatokea duara lina rangi ya papai lililoiva. Upande mmoja kuna doa la njano iliyopauka, hapo ndo mshipa wa fahamu unatokea kwenda kwenye ubongo, na mishipa ya damu inaanzia hapo inagawanyika gawanyika kama matawi. Katikati pana giza kidogo, panaitwa makula. Padogo sana lakini hapo ndo unasomea, hapo ndo unamjua huyu ni shemeji au ni mdai wako, hapo ndo unahesabia chenji.

Sasa sukari ikiwa juu miaka na miaka, kuta za vile vimishipa vidogo zinachoka. Zinavimba vinundu, kwenye picha unaona vidoti vyekundu kama mtu kagusa karatasi kwa ncha ya biki. Baadae vinavuja, maji yanatoka na mafuta, yanabaki chembechembe za njano kama sembe iliyomwagika mezani. Yakivujia pale kwenye makula unaanza kuona ukungu. Kwingine mishipa inaziba kabisa, ile sehemu inakosa hewa, na retina, yaani ule utando wa nyuma ndani ya jicho unaopokea picha, ikikosa hewa inaita mishipa mipya iote. Inaota kweli, ila ni myembamba, dhaifu, imeota pasipo pake, siku yoyote inapasuka damu inajaa ndani ya jicho, au inaacha kovu ambalo linavuta retina mpaka inabanduka kama rangi ya ukuta wenye unyevu.

Na hii ndo sehemu inayoniuma mimi: kwenye hatua zote za mwanzo mwenye jicho haoni tofauti yoyote. Anasoma Kurani yake, anasoma Biblia yake, anaona kabisa meseji ya muamala na makato yake.

Nikaomba ukumbi unisaidie. Viti nilivihesabu asubuhi, mia na kidogo, safu za watu kumi kumi. Nikasema safu tatu za mbele simameni, na nyie watano wa safu ya nne. Wakasimama thelathini na tano. Nikawaambia, mwaka 2012 kuna watafiti walikusanya tafiti 35 za nchi mbalimbali, watu karibu 23,000 wote wana sukari, wakakuta katika kila mia, kama 35 retina zao zina alama za sukari tayari. Ndo nyie mliosimama. Alafu nikasema kaeni, wabaki kumi wa safu ya kwanza, hawa kumi ni wale ambao tatizo limefika pa kutishia uoni, ama maji yako kwenye makula ama mishipa mibovu imeshaota.

Mzee mmoja wa safu ya kwanza akagoma. Akasema binti, mimi naona vizuri, yule jongoo ukutani namuona, nisimame kwa kosa gani? Watu wakacheka. Nikamwambia mzee wangu, hao kumi wengi wao nao wanamuona huyo jongoo. Akasimama, ila kwa kunung'unika.

Sasa ukitafuta namba nyingine utakuta hazifanani na hizo. Hesabu nyingine iliyotoka 2021 inasema dunia nzima ni kama watu 22 kwa mia ya wenye sukari, Afrika kama 36, na jumla ya watu wenye retina zilizoguswa na sukari mwaka 2020 walikuwa milioni 103, itafika milioni 160 mwaka 2045. Usichanganyikiwe. Rudi kwenye swali letu, nani kahesabiwa.

Chukua majirani zetu hapa Kilimanjaro. Kati ya mwishoni mwa 2010 na mwishoni mwa 2014 watu 3,187 wa kliniki za sukari walipigwa picha za macho kwenye mpango wa mkoa ule. Waliokutwa na alama walikuwa kama 28 kwa mia, na wenye ile mishipa mipya mibovu kama 3 kwa mia. Sasa vuka mpaka nenda Nakuru, Kenya. Kule 2007 na 2008 hawakwenda kliniki, waliingia mitaani na vijijini kutafuta watu wa miaka 50 kwenda juu, zaidi ya 4,000, wakawapima sukari hukohuko, wenye sukari wakaangaliwa macho. Walipata karibu 36 kwa mia. Kusini mwa Malawi, kwenye kliniki za hospitali kubwa, mwaka 2012, nusu ya wagonjwa walikuwa na alama na karibu 3 katika kila 10 walikuwa tayari kwenye hatari ya kupoteza uoni.

Mtu wa haraka atasema Malawi sukari yao kali. Hapana bana. Hospitali kubwa inapokea walioshindikana, mtu ana sukari, ana figo, ana kidonda mguuni, ndo kaletwa. Nakuru walichukua wazee tu, na wakachukua hata ambao hawakuwahi kukanyaga kliniki. Kilimanjaro ni wa kliniki, wapo wapya wapo wa zamani. Alafu kule Nakuru wenye sukari hawakufika hata 300, kwahiyo hiyo 36 yenyewe wenyewe watafiti wanakwambia inaweza kuwa popote kati ya 30 na 43. Namba ikitoka kwa watu wachache inatikisika, kama meza ya mguu mmoja mfupi.

Na kuna watu hawamo kwenye daftari lolote. Shirikisho la kimataifa la kisukari mwaka 2021 lilikadiria kwamba Afrika watu wazima milioni 24 wana sukari, na 54 kwa mia kati yao hawajijui. Zaidi ya nusu! Hapa kwetu Tanzania uchunguzi wa kitaifa wa 2012 ulikuta 9 kwa mia ya watu wa miaka 25 mpaka 64 wana sukari. Toa nusu ambao hawajijui, ndo ujue tunaokaa nao kwenye benchi ni kipande tu cha wenzetu.

Nawapa mfano wa mtu aliyepotea kwenye hesabu. Baba yangu mdogo alikuwa fundi baiskeli. Kama umewahi kuona fundi anapanga spoku utanielewa, anazungusha ringi, anaweka ukucha wa dole gumba karibu na chuma, anaangalia ule upenyo, ringi ikicheza hata kidogo anakaza spoku moja analegeza ya pili. Kazi ya macho makali. Alikuwa na sukari miaka mingi, kliniki anahudhuria, kadi yake safi, na ile safu ya mwisho tupu kama za wenzie. Asubuhi moja akaona nyuzi nyeusi zinaelea mbele ya jicho la kulia, anazifukuza kwa mkono kama mbu. Mchana nyuzi zikawa moshi mwekundu. Jioni hamna kitu.

Akaambiwa na majirani ni mtoto wa jicho, subiri akomae ndo utolewe. Akasubiri. Mtoto wa jicho hauji kwa siku moja jamani! Unakuja polepole miezi na miaka, ukungu mweupe. Kinachokuja ghafla na nyuzi nyeusi hicho ni kingine, ni damu, na hakisubiri kukomaa. Alipofika kwa wataalamu la kulia lilikuwa limeshabanduka ndani, la kushoto likafuata mwaka uliofuata.

Sasa sikilizeni kilichotokea kwenye daftari. Baba mdogo alipokuwa haoni alihitaji mtu wa kumpeleka kliniki, na kila mtu ana shughuli zake, ikawa anakosa mwezi huu, anakosa ule, mwisho akaacha. Mwaka uliofuata jina lake halikuandikwa. Kwahiyo kwenye asilimia ya kliniki ile, mtu mmoja kipofu kapungua. Daftari limependeza! Wanaopofuka wanatoka kwenye hesabu kwa sababu wamepofuka, na sisi tunabaki na wanaoona, tunasema maendeleo mazuri. Mpaka anafariki alikuwa anatembea na ile spana ndogo ya spoku mfuko wa shati.

Tuje kwenye vinavyoongeza hatari, na hapa nitakaa kidogo maana ndo kuna uongo mwingi mtaani.

Kikubwa kabisa ni miaka. Katika zile tafiti 35, walio na sukari chini ya miaka 10 walikuwa na tatizo kama 21 kwa mia, miaka 10 mpaka 20 wakawa 54, miaka 20 na zaidi 76. Miaka huwezi kuirudisha. Ila fikiria yule asiyejijua, miaka yake inahesabika tangu sukari ilipopanda, haihesabiki tangu siku aliyopewa kadi. Ndo maana mwenye sukari ya ukubwani anatakiwa kuangaliwa macho wiki hizohizo anapogundulika, asiambiwe wewe mpya bado sana.

Cha pili ni sukari yenyewe, ile ya kipimo cha miezi mitatu (HbA1c, kinaonyesha wastani wa sukari yako miezi mitatu iliyopita), sio ya leo asubuhi uliyofunga kula makusudi ili nesi asikugombeze, tunawajua. Kwenye hesabu ileile, wenye kipimo cha miezi mitatu cha asilimia 7 kushuka walikuwa na tatizo 18 kwa mia, waliozidi asilimia 9 walikuwa 51 kwa mia. Cha tatu ni presha.

Na sasa insulini. Nani hajasikia kwamba insulini inapofusha? Inueni mikono. (Iliinuka mingi sana, na mmoja wa wauguzi wetu nae kainua, nimeona mama, nimenyamaza.) Hii habari haikutoka hewani. Watu wanaona kwa macho yao, fulani alikuwa na vidonge anaona, kapewa insulini, baada ya mwaka haoni. Na ukitaka takwimu zipo pia. Kule Wisconsin, Marekani, daktari Ronald Klein na mkewe Barbara Klein walianza mwaka 1980 kuwafuatilia watu wenye sukari. Kwa walioipata ukubwani, waliokaa nayo chini ya miaka 5 wenye kutumia insulini walikuwa na tatizo la retina 40 kwa mia, wasiotumia 24. Waliofika miaka kama 19, watumiaji 84, wasiotumia 53. Mtu akikuletea hizo namba kwenye grupu la watsapu bila maelezo utaitupa insulini kwenye choo siku hiyohiyo.

Uliza basi, nani kahesabiwa upande huu na nani upande ule? Insulini kwa mtu mzima anapewa nani? Anapewa ambaye vidonge vimeshindwa. Ana miaka mingi zaidi, sukari yake imekuwa juu muda mrefu zaidi, mishipa yake imeshachoka kabla sindano ya kwanza haijaingia. Mzee anayetembelea mkongojo anaanguka mara nyingi kuliko kijana asiye nao, je tukachome mikongojo?

Ili ujue ukweli lazima uchukue watu wanaofanana uwagawe kwa bahati nasibu. Walifanya hivo Marekani na Kanada, 1983 mpaka 1993, watu 1,441 wenye sukari ya aina ya kwanza, ile ambayo mara nyingi inaanza utotoni au ujanani, wote wa insulini. Nusu wakachomwa kwa utaratibu wa kawaida wa wakati ule, mara moja au mbili kwa siku, nusu wakachomwa mara tatu na zaidi au kwa pampu huku wanajipima kila siku. Hawa wa pili ndo waliopata insulini kwa bidii zaidi. Kama insulini inapofusha, hao ndo walitakiwa wapofuke kwanza, si ndio? Walioanza wakiwa na macho masafi, hatari ya kupata tatizo ilishuka kwa asilimia 76 ukilinganisha na wenzao. Walioanza nalo kidogo, kusonga mbele kulipungua kwa asilimia 54. Utafiti ukasimamishwa kabla ya muda uliopangwa maana jibu lilishaonekana.

Ila sitawaficha kitu. Kwenye utafiti huohuo baadhi ya walioshusha sukari kwa kasi macho yao yalichafuka kidogo mwaka wa kwanza, alafu baadae wakawapita wenzao kwa mbali. Kwahiyo yule jirani yako aliyesema nilianza sindano macho yakabadilika inawezekana hakudanganya. Anachotakiwa ni kuangaliwa retina kabla ya kubadilishiwa dawa, na akaangaliwa tena baada ya miezi kadhaa. Kuitupa sindano ni kujimaliza.

Hiyo 76 nayo msiisome vibaya. Haimaanishi watu 76 katika mia walipona. Ni kwamba, kama upande wa kawaida wangeharibikiwa mia, upande wa bidii wangeharibikiwa kama 24. Ukisikia dawa inapunguza hatari nusu, uliza nusu ya ngapi. Nusu ya mbili ni moja tu.

Presha naisema kwa haraka ila ishikeni. Uingereza walianza mwaka 1977 kuandikisha watu 5,102 waliogundulika karibuni na sukari ya aina ya pili, ile ya ukubwani, majibu yakatoka 1998. Ndani yake kulikuwa na kundi la watu wenye presha, 1,148, wengine wakadhibitiwa kwa nguvu wengine kawaida. Tofauti ya presha zao ikawa ndogo tu, wastani wa 144 kwa 82 dhidi ya 154 kwa 87. Pointi kumi za juu! Na bado kuharibika kwa retina kulipungua asilimia 34, na kushuka kwa uoni asilimia 47. Dawa zenyewe kaptopili na atenololi, dawa za zamani, za bei ya chini. Mimi dirishani naona watu wanauliza sukari yangu ngapi, sukari yangu ngapi, presha imeandikwa 170 haulizi mtu.

Kuna aliyeuliza katikati, je likishaharibika? Leza ipo, ni mwanga mkali wa kuchoma retina, tangu miaka ya 1970 Wamarekani walishaonyesha kwamba kwa wenye mishipa mipya mibovu inapunguza upofu mkubwa kwa zaidi ya nusu. Kuna sindano za ndani ya jicho, mojawapo ni Avastin ambayo kiasili ilitengenezwa kwa kansa ya utumbo mpana, usiogope ukisikia. Kuchomwa jichoni kunatisha kusikia kuliko kuchomwa kwenyewe, ganzi inawekwa. Ila leza kazi yake ni kuzuia, kilichokwisha haikirudishi. Kwa baba mdogo muda wake ulikuwa umeshapita.

Uingereza kwenyewe nawapa stori moja. Kwa zaidi ya miaka hamsini ugonjwa huu ulikuwa unaongoza kuwapofusha watu wao wa umri wa kufanya kazi. Mwaka 2003 wakaanza mpango wa taifa wa kupiga picha macho ya kila mwenye sukari wa miaka 12 kwenda juu. Walipohesabu za 2009 na 2010, sukari ikawa imeshuka toka nafasi ya kwanza, magonjwa ya kurithi ya retina ndo yakawa juu. Sio mpango peke yake, na matibabu ya sukari yalikuwa yameboreka. Ila mimi mtu wa daftari najua kitu kimoja walichonacho: wana orodha ya kila mgonjwa, kwahiyo asiyekuja anajulikana jina, anaandikiwa barua, anafuatwa. Safu yao tupu ina mtu wa kuijibia.

Na msije mkasema sisi tutafika huko karne ijayo. Rwanda wameshajaribu kitu, kazi iliyoongozwa na daktari Wanjiku Mathenge, huyohuyo aliyekuwa kwenye ile ya Nakuru. Picha ya jicho inasomwa na kompyuta palepale kliniki, mgonjwa anapewa jibu kabla hajaondoka, badala ya kusubiri siku kadhaa mtaalamu aisome. Waliopewa jibu palepale na kuambiwa nenda kwa daktari wa macho, walioenda kweli ni kama 52 kwa mia. Waliosubiri majibu, kama 40. Wengine wanashangilia hapo, na mimi nimefurahi, nyongeza ya watu 12 kwa mia sio ya kubeza. Ila ebu angalia upande wa pili, hata kwa mashine yenye akili hivo, karibu nusu ya walioambiwa jicho lako lina tatizo hawakwenda. Mashine haina nauli. Mashine haikupi mtu wa kukukalia dukani.

Kwahiyo hapa kwetu tulichobadilisha ni kidogo sana, wala hakikuhitaji mradi. Ile safu ya macho kwenye daftari sasa haikubali kuwa tupu wala kistari. Naandika moja kati ya vitu vitatu: hajapimwa, kapimwa hana, kapimwa anacho. Na tarehe. Mwisho wa mwezi "hajapimwa" naihesabu peke yake, na hiyo ndo namba ya kwanza kwenye ripoti yangu, inatia aibu lakini inakaa juu. Asiyekuja kliniki miezi mitatu anapigiwa simu, na nikiambiwa haoni vizuri siku hizi hana wa kumleta, simfuti jina.

Maswali yalikuwa mengi, nitaandika mawili. Mama mmoja mtoto wake ana sukari tangu ana miaka tisa, sasa ana kumi na moja. Dada yangu, kwa watoto wa sukari ya aina ya kwanza kwa kawaida picha zinaanza ikifika kama miaka mitatu mpaka mitano toka igundulike, ila muulize daktari wake, mimi ni mtu wa dirishani. Na binti mjamzito mwenye sukari tangu kabla ya mimba, wewe usisubiri, ujauzito unaweza kuyasukuma macho haraka, picha ichukuliwe miezi ya mwanzoni kabisa.

Basi, nesi ameshafika na matone, naona anafungua boksi. Tunaanza na safu ya kwanza, na yule mzee wa jongoo ndo namba moja. Ukishawekewa, mboni zinabaki wazi kwa masaa manne matano hivi, jua litakuuma, simu utaiona ukungu, usifanye muamala wowote saa hizo maana utamtumia mtu usiyemjua. Waliokuja na pikipiki wanaendesha wenyewe na hawana mtu wa kuwarudisha, njooni kwangu sasa hivi kabla ya matone, tuwapange wa mwisho mpaka tuwapigie nyumbani.